Baraza la Wasomaji: Siku Moja katika Kasri la Villandry

Picha ya bustani za Villandry iliyochapishwa katika toleo lililopita imetuletea barua nyingi kutoka pande mbalimbali za Bukavu. Tumechagua tatu, na tunazijibu pamoja kwa sababu jibu la kila moja linasaidia kuelewa jibu la nyingine.

SWALI

Ndugu Mhariri, binti yetu anaishi Tours, nchini Ufaransa, pamoja na mume wake na watoto wao watatu. Baada ya kusubiri kwa muda mrefu, mimi na mume wangu tumepata viza, na tutakuwa kwao mwezi wote wa Septemba. Binti yetu ametuahidi siku moja ya kutembelea kasri la Villandry, familia yote pamoja. Mimi nimefurahi, lakini mume wangu, ambaye maisha yake yote amelima kabichi na karoti huko Kabare, anauliza kwa nini tutumie siku nzima kutazama nyumba ya matajiri waliokwisha kufa, ilhali siku zetu na wajukuu zinahesabika. Isitoshe, ana umri wa miaka 72 na magoti yanamsumbua, na mjukuu wetu mdogo ana miaka 5 tu. Kuna nini huko, na siku hiyo tuipange namna gani?

Bibi wa wajukuu watatu, Nguba, Bukavu

JIBU

Mama yetu mpendwa, swali la Baba ni la haki na linastahili kujibiwa kwanza, kwa maana yako makasri mengi katika bonde la mto Loire ambayo mgeni huzungushwa chumba baada ya chumba, akionyeshwa vitanda vya watu asiowajua, hadi miguu ichoke na jioni asikumbuke chochote. Villandry ni tofauti, na tofauti yake inamhusu mzee wenu kuliko mtu mwingine yeyote katika familia. Kinachowavuta watu kutoka pande zote za dunia mahali hapo ni shamba la mboga. Mwambieni kwamba mbele ya kasri hilo, mahali ambapo tajiri mwingine angeweka uwanja wa kupokelea wageni, kuna karibu hekta moja ya kabichi, karoti, bitiruti, saladi, biringanya na maboga, na kwamba mboga hizo zimepewa heshima ambayo kwa kawaida hutolewa kwa maua peke yake.

Shamba hilo limegawanywa katika miraba tisa yenye ukubwa sawa, na kila mraba una mchoro wake wa vijia, misalaba na pembe, uliozungushiwa ua mfupi wa mimea iliyokatwa kwa makini. Ndani ya michoro hiyo mboga hupangwa kwa kufuata rangi ya majani yake: ubuluu wa vitunguu liki, wekundu wa kabichi nyekundu na wa bitiruti, kijani laini cha majani ya karoti. Mawaridi yaliyosimama wima kati ya mboga, kila moja mahali pake, yamewekwa kwa kukumbuka desturi ya zamani iliyoyafananisha na watawa wakiinama kulima viwanja vyao, kwa kuwa ni katika monasteri ambako Wafaransa wa kale walijifunza kupanga mboga kwa miraba. Hupandwa mara mbili kwa mwaka, kwanza mwanzoni mwa masika ya Ulaya na kisha mwezi wa Juni, na kila mara wakulima hutumia aina zipatazo arobaini za mboga, wakizihamisha kutoka mraba mmoja hadi mwingine ili udongo usichoshwe na zao moja. Tangu mwaka 2009 kazi hiyo yote inafanywa bila dawa za viwandani. Baba ataelewa haraka kuliko mtaalamu wa historia ni kazi gani hiyo, kulima kwa namna ambayo kila kabichi inaonekana na kila pengo linaonekana.

Septemba ni mwezi mzuri mno kwa safari hiyo, kwani mboga zilizopandwa mwezi wa Juni huwa zimejaza miraba yote na maboga yameiva. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa mwezi huo kasri huwa na siku maalumu za shamba la mboga, ambapo wakulima wenyewe hukutana na wageni na kujibu maswali yao. Kama binti yenu anaweza kupanga safari iangukie siku hizo, tafadhali afanye hivyo hata ikibidi kubadilisha mpango mwingine. Mzee aliyelima Kabare akizungumza na mkulima wa Villandry, binti yake akitafsiri, wajukuu wakisikiliza: hilo pekee linatosha kumjibu anayeuliza kwa nini siku hiyo isitumiwe vinginevyo.

Sasa niseme juu ya mpangilio wa siku. Kutoka Tours hadi Villandry ni kilomita zipatazo 15 tu kuelekea magharibi, kwa hiyo hamhitaji kuamka usiku, lakini jitahidini kufika asubuhi lango linapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii. Familia nyingi hukosea kwa kushuka moja kwa moja katika miraba ya mboga, kisha zikashangaa kwamba zinaona majani tu. Bustani za Villandry zilichorwa zitazamwe kwanza kutoka juu. Uko mtaro ulioinuka kando ya kasri, juu ya bustani ya mapambo, ambapo bustani zote huonekana kwa mara moja kama kikwembe kilichotandazwa majanini kikauke, na michoro ambayo chini haisomeki inakuwa wazi kabisa. Keti hapo na Baba, bila haraka, watoto wataje maumbo wanayoyatambua, na baada ya hapo ndipo mshuke. Kupanda juu ya mnara wa kasri kunaleta mandhari nyingine nzuri, lakini ngazi zake ni nyingi, na ninashauri kazi hiyo waachiwe watoto na baba yao, huku ninyi wawili mkibaki kwenye benchi.

Chini ya mtaro huo kuna bustani ya mapambo ambayo watu wazima huipenda kwa sababu inasimulia habari za mapenzi kwa kutumia vichaka vilivyokatwa. Ina miraba minne. Katika mraba wa pendo la upole kuna mioyo iliyotenganishwa na ndimi za moto. Katika ule wa pendo kali mioyo imevunjika na kuchanganyika hadi ikawa kama watu wanaocheza dansi. Katika ule wa pendo la kigeugeu mtaona vipepeo vya mkononi, pembe za aliyesalitiwa na barua za wapenzi. Na katika ule wa pendo la msiba kuna visu na panga, na wakati wa joto hupandwa maua mekundu yanayowakilisha damu iliyomwagika. Wajukuu wakubwa watapenda kutafuta visu. Ninyi mlioishi pamoja miaka mingi mna haki ya kuchagua mraba wenu na kuwaeleza wajukuu sababu.

Juu zaidi kuna bustani ya maji, yenye ziwa dogo lililozungukwa na majani, na ni mahali tulivu panapofaa kupumzika, lakini mtoto wa miaka 5 ashikwe mkono muda wote. Kwa ajili yake huyo mdogo kuna mambo mawili muhimu. La kwanza ni njia za mzunguko zilizopandwa miti pande zote mbili, zinazozunguka na kuzunguka hadi zifike kwenye jukwaa lililoinuka katikati. Hakuna njia zilizozibwa za kumtia mtoto hofu, kila anayeendelea kutembea hatimaye hufika. La pili ni bustani ya jua, iliyofunguliwa mwaka 2008, ambayo sehemu yake moja ilitengwa kwa ajili ya watoto, na karibu yake kuna uwanja wa michezo. Wekeni sehemu hiyo baada ya chakula, wakati subira ya watoto imekwisha, na Baba apate kukaa chini.

Kuhusu ndani ya kasri, msikae sana. Vyumba vimepambwa vizuri, na jambo moja halipaswi kukosa: dari ya mbao katika ukumbi mmoja, iliyochongwa na kupakwa rangi Hispania katika karne ya 15 na mafundi waliofuata sanaa ya Waislamu wa nchi hiyo, ikaletwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20 ikiwa vipande zaidi ya 3,000 na kuunganishwa upya kwa muda wa mwaka mmoja. Watoto wakilala chali kwa macho, yaani wakiinua nyuso na kuitazama kimya kwa dakika chache, wataona nyota nyingi zikitokea katika mistari yake.

Mkitaka hadithi ya kuwasimulia wakati wa chakula, isimulieni ya mnara mkubwa wa mraba, ambao ndio sehemu ya zamani kuliko zote. Kabla ya kasri la leo kulikuwa na ngome mahali hapo, na kijiji kiliitwa Colombiers. Tarehe 4 Julai 1189 mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, akiwa mgonjwa na ameachwa na wanawe, alikutana hapo na mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa na kukiri kwamba ameshindwa vita. Siku mbili baadaye alifariki dunia huko Chinon. Ngome ile ilibomolewa katika karne ya 16, ukabaki mnara.

Yaliyobaki ni madogo lakini yana uzito. Hali ya hewa ya Septemba haitawashangaza watu wa Bukavu, kwa kuwa mchana hufanana na wa kwetu, ila asubuhi kuna ubaridi na mvua inaweza kunyesha, basi kila mtu awe na koti jepesi. Vijia vimewekwa changarawe, kwa hiyo Mama, viatu virefu viacheni nyumbani hata kama picha ni nyingi. Kuna tiketi ya bustani peke yake na tiketi ya bustani pamoja na kasri. Bei hubadilika kila mwaka, na binti yenu aziangalie mapema. Chakula cha nyumbani kiko salama zaidi kwa mifuko na kwa matumbo ya watoto, lakini ulizeni mlangoni mahali panaporuhusiwa kula, msifungue sufuria katikati ya maua. Kuna watakaowashawishi muunganishe siku hiyo na kasri la Azay-le-Rideau lililo jirani kwa kuwa liko karibu na ni zuri. Kataeni. Makasri mawili kwa siku moja, pamoja na magoti ya mzee na mtoto mdogo, ni njia ya kuharibu yote mawili.

SWALI

Ndugu Mhariri, nilipenda picha mliyochapisha, lakini jamaa yangu aliyesoma Ulaya aliniambia kwamba bustani hizo si za zamani hata kidogo, zilitengenezwa na daktari mmoja juzi juzi tu, na kwamba wageni wanadanganywa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kuna faida gani kuita mahali pa namna hiyo urithi wa historia?

Msomaji wa Muhumba, Bukavu

JIBU

Ndugu msomaji, jamaa yako amesema sehemu ya ukweli na ameacha sehemu kubwa zaidi, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyofuatana.

Kasri lenyewe ni la zamani kwa hakika. Lilijengwa katika miaka ya 1530 na Jean Le Breton, waziri wa fedha wa mfalme François wa Kwanza, mtu aliyekuwa amesimamia ujenzi wa kasri kubwa la Chambord na aliyewahi kutumwa Italia, ambako alizipenda bustani za huko. Familia yake ilikaa Villandry hadi mwaka 1754, ndipo likanunuliwa na markizi (cheo cha ukabaila) wa Castellane, aliyebadilisha mambo mengi ya ndani na ya nje ili yalingane na mtindo wa siku zake. Katika karne ya 19 bustani za zamani ziliondolewa kabisa, pakawekwa eneo la nyasi, vilima na miti mikubwa kwa mtindo wa Kiingereza uliokuwa unapendwa wakati huo. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 kasri lilikuwa katika hatari ya kubomolewa.

Mwaka 1906 likanunuliwa na mume na mke ambao hawakuwa Wafaransa. Mume alikuwa Joachim Carvallo, daktari Mhispania aliyekuwa akifanya utafiti jijini Paris katika maabara ya profesa Charles Richet, yule aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mke alikuwa Ann Coleman, Mmarekani kutoka familia tajiri ya Pennsylvania iliyopata mali yake katika chuma, na walikutana katika maabara hiyo hiyo, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa sayansi. Watu husimulia habari za mume na kumtaja mke kwa sentensi moja; mimi ninaona ni dhuluma, kwa maana bila mali yake pasingekuwa na Villandry ya leo. Carvallo aliacha utafiti wa tiba na kuyatoa maisha yake yaliyobaki kwa kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1936.

Sasa tazama namna alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Hakuketi mezani na kubuni bustani ya kupendeza. Alianza na kasri, akiondoa nyongeza za karne ya 18 ili kuta zirudie sura zilizokuwa nazo wakati wa Le Breton. Alipokwisha kufanya hivyo akaona kwamba nyumba ya karne ya 16 katikati ya bustani ya karne ya 19 haieleweki, na kati ya mwaka 1908 na 1918 akairudisha bustani. Alifuata mabaki ya kuta za zamani yaliyopatikana ardhini, ramani za kale, maandishi ya monasteri, na michoro ya Jacques Androuet du Cerceau, msanifu wa karne ya 16 aliyechora makasri ya Ufaransa pamoja na bustani zake. Mtaalamu huyo wa miili ya watu aliyatumia mazoea ya maabara kwa udongo: alikusanya ushahidi kwanza, akajenga baadaye.

Hata hivyo ushahidi haukutosha kila mahali, na hapa jamaa yako ana haki. Bustani ya mapambo, ile yenye mioyo na visu, ilichorwa katika karne ya 20 na wasanii wa Kihispania waliomsaidia Carvallo. Miraba ya mboga imefuata kanuni za karne ya 16, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba Le Breton alipanda kabichi mahali hapo hapo. Bustani ya jua ni ya mwaka 2008, ingawa ilitoka katika mpango ulioachwa na Carvallo mwenyewe. Mambo hayo yote huelezwa waziwazi, hayafichwi, na mgeni anayetaka kujua anajua.

Basi, je, ni urithi wa historia? Mimi ninajibu ndiyo, bila kusita. Bustani haiwezi kuhifadhiwa kama jiwe; mboga ya mwaka 1536 imeliwa na kuoza, na hata kama hakuna aliyeivunja bustani hiyo, leo ingekuwa imepandwa upya mara mia kadhaa. Kinachoweza kuhifadhiwa ni mpango wake, vipimo vyake, elimu ya kuilima na nidhamu ya kuirudia kila msimu, na vitu hivyo vinne ndivyo Carvallo alivyovirudisha. Jambo la kudanganya wageni lingekuwa kusema kwamba hakuna kilichovunjika. Tena kuna sababu nyingine ninayoiona kuwa kubwa zaidi: hakufunga lango. Alifungua milango kwa umma wakati wenye makasri wengi waliona ni aibu kupokea wageni wanaolipa, na mwaka 1924 akaanzisha chama cha wenye nyumba za kihistoria nchini Ufaransa, kinachoitwa La Demeure historique, ambacho kipo hadi leo, ili wenzake wajifunze kwamba nyumba ya kale inaweza kujitunza kwa mapato ya wanaoitembelea. Mwaka 1934 serikali iliandikisha Villandry kuwa jengo la kihistoria linalolindwa, na mwaka 2000 bonde la Loire, pamoja na makasri yake, likaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wazao wa Carvallo ndio wanaoliendesha kasri hadi sasa.

Ninakuomba ulipeleke swali lako pia hapa nyumbani. Mji wetu, ambao hadi mwaka 1954 uliitwa Costermansville, una nyumba na majengo ya miaka ya kabla ya uhuru yanayotazama ziwa, mengine mazuri sana, na kila mwaka baadhi hubomolewa au kuzibwa na maduka yaliyobanwa mbele yake. Hoja inayotolewa ni kwamba yamekwisha kuharibika, kwa hiyo si ya zamani tena. Ni hoja ile ile iliyotaka kulibomoa kasri la Villandry mwaka 1906, na kama ingekubaliwa, leo tusingekuwa na jambo la kubishania.

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya miraba ile ya mboga, wakaniuliza kama watakwenda huko lini. Sikuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu wengi wao hawajafika hata Kavumu. Je, kuna safari ya siku moja karibu nasi inayofanana na hiyo? Na je, inawezekana kutengeneza kitu kama kile katika uwanja wa shule ulio kwenye mteremko?

Mwalimu, Bagira, Bukavu

JIBU

Mwalimu, barua yako imenigusa kuliko zote, na nitaijibu kwa matendo.

Kwa safari ya karibu, fikiria Lwiro, katika teritware ya Kabare, kandokando ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Si kasri, na sitaki uwaambie watoto kwamba ni kasri, lakini ni jengo kubwa la enzi ya Wabelgiji lenye maktaba na maeneo mapana ya miti na nyasi, lililojengwa kwa ajili ya taasisi ya utafiti wa sayansi ya Afrika ya Kati iliyoanzishwa mwaka 1947, na leo ni makao ya kituo chetu cha utafiti wa sayansi asilia. Tangu mwaka 2002 kuna pia mahali pa kuwatunza sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa majangili. Kabla ya kuwaondoa watoto Bukavu, zungumza na uongozi wa kituo na uulizie hali ya barabara na usalama wiki hiyo hiyo, na usiogope kuahirisha. Watoto wakifika, wagawe makundi: wengine wachore jengo, wengine waandike majina ya miti, wengine wahoji wafanyakazi juu ya kazi zao. Mtoto aliyepewa kazi hukumbuka siku hiyo kuliko mtoto aliyeburutwa tu.

Kuhusu uwanja wa shule, inawezekana, na sehemu kubwa ya kile kinachopendeza Villandry haigharimu fedha. Pima miraba tisa, mitatu kwa mitatu, kila mmoja mita mbili kwa mbili, na acha vijia vya nusu mita kati yake ili mtoto aweze kupalilia bila kukanyaga kitanda. Kwa kuwa uko kwenye mteremko, usijaribu kuweka miraba yote katika usawa mmoja. Itengeneze katika ngazi tatu zinazofuata mlima kwa upana, na kwenye ukingo wa kila ngazi panda nyasi za kuzuia mmomonyoko kama setaria au tripsacum, ambazo wakulima wa milima yetu wanazijua na ambazo zitakupa pia malisho ya sungura. Chimba mfereji juu ya ngazi ya kwanza, kwa maana mvua ya Bagira ikikuta udongo umelimwa na hauna kinga, itaushusha wote kwa jirani siku moja. Mahali pa ua mfupi wa Ulaya panda mchaichai, unaokatika vizuri, unaotoa chai, na ambao hakuna atakayeuita pambo lisilo na faida.

Kisha gawa mboga katika makundi matatu, ngazi moja kwa kila kundi: maharage na jamaa zake, mboga za mizizi kama karoti na bitiruti, na mboga za majani kama kabichi na lengalenga. Msimu unaofuata kila kundi lisogee ngazi moja. Maharage huacha rutuba katika udongo, kabichi huila, na karoti huridhika na kinachobaki, hivyo ni vizuri kabichi ifuate maharage na karoti ifuate kabichi. Uwe mkali juu ya jambo moja: nyanya, biringanya na viazi ulaya ni ukoo mmoja na hupatwa na ugonjwa ule ule wa mnyauko unaokaa ardhini, basi ukizipanda, zote zihesabiwe kama zao moja, na mahali zilipokuwa pasipandwe yoyote kati yake kwa misimu kadhaa. Ndani ya kila mraba waache watoto wachore mpango wao kwa rangi, saladi ya kijani kando ya bitiruti yenye majani mekundu, lengalenga nyekundu katikati. Hapo ndipo hesabu, uchoraji na kilimo vinapokuwa somo moja.

Wakati wa kuanza ni mapema Septemba, msimu A unapofunguka na mvua kurudi. Andaa ngazi na mifereji mwezi wa Agosti, wakati udongo ni mkavu na wazazi wana nafasi ya kusaidia. Weka daftari moja la shule ambalo darasa la sita litaandika kila msimu kilichopandwa katika kila mraba, pamoja na mchoro wake, ili mwalimu atakayekuja baada yako asilazimike kukisia. Tutumie nakala ya mchoro wa msimu wa kwanza, nasi tutauchapisha katika ukurasa huu.